Tisa Mbili Barafuni

Sehemu ya kumi na moja

Mkono wa Orest ulikuwa bado umezama ndani ya mfuko wa koti la rafiki yake. Wiki nzima tumeuacha humo. Sasa tuutoe.

Ulitoka na bahasha.

"Metro!" aliita kutoka kwenye benchi. "Natafuta mbegu za alizeti, napata barua. Ya mwanamke, nini?"

Metro Pashulka alikuwa katikati ya uwanja wa barafu, magoti juu ya kipande cha zulia kuukuu, brashi ya rangi nyekundu mkononi. Fundi wa barafu wa kijiji cha Dolynka ni Orest, yeye Metro aliachiwa brashi kwa dakika moja tu, akaambiwa, "Shikilia hapa, usiguse kitu." Chini ya brashi hiyo kulikuwa na namba tisa yenye urefu wa mita mbili. Duara lake lilikuwa tayari. Mkia ulikuwa umepakwa mara moja tu, ukisubiri rangi ya pili.

"Usifungue!" Metro alipiga kelele.

"Kwa nini?"

"Ni... ni hotuba yangu ya Jumamosi."

Orest aliipima bahasha kwa kiganja. "Hotuba yenyewe nyepesi hivi? Basi siku hiyo tutakula mapema."

Akairudisha mahali pake. Akapapasa mfuko wa pili, akapata mbegu, akatupa chache mdomoni, akarudi akiburuta buti zake juu ya barafu kama mtu anayepiga deki.

Metro alishusha pumzi. Tone moja la rangi lilikuwa limeanguka nje ya mstari.

"Nilikwambia usiguse kitu," Orest alisema.

"Sikugusa. Limeanguka lenyewe."

"Ndivyo ulivyokuwa ukiwaambia marefa."

Ndani ya bahasha hapakuwa na hotuba. Palikuwa na picha moja tu, iliyofika kwa posta siku ya Jumanne. Mwanamke mmoja wa Rosvale, kijiji cha jirani, alikuwa akisafisha droo za marehemu baba yake, akaiona, akafikiri ni vyema impate mwenyewe. Ilipigwa Februari 1971, kwenye fainali ya jimbo ya magongo ya barafuni kati ya Rosvale na Dolynka, katika nukta ile ile ya bao la ushindi.

Bao hilo huku hakuna asiyelijua. Mchezo ulikuwa unakwisha. Wachezaji wanane wakaangukiana mbele ya goli, kisahani cheusi kinachochezwa badala ya mpira kikapenya katikati yao, na refa akatangaza mfungaji: namba tisa. Metro Pashulka, miaka kumi na tisa. Msaka vipaji wa ligi kubwa alikuwa ukumbini siku hiyo. Wiki mbili baadaye Metro alikuwa ndani ya basi, begi magotini.

Miaka mitatu alicheza ligi ndogo, akila mkate wa soseji ndani ya mabasi na kulala amekaa. Kisha ligi kubwa: misimu kumi na mmoja, timu nne, mabao mia moja arobaini na sita, pua kuvunjika mara tano. Mkewe aliondoka msimu wa saba. "Siwezi kuolewa na begi," alimwambia, na Metro mpaka leo hasemi kwamba alikosea. Goti lilipokataa kabisa, alirudi Dolynka, akafungua duka la matairi, akazeeka kwa amani. Jumamosi hii, saa sita mchana, jezi yake namba tisa itapandishwa juu, chini ya paa la uwanja, na hakuna mtoto wa Dolynka atakayeivaa tena.

Yote hayo yalizaliwa na bao moja.

Sasa, kwenye picha kulikuwa na tisa mbili.

Ya kwanza ilikuwa nyuma ya goli, imenaswa kwenye wavu kama samaki, gongo limevunjika vipande viwili. Sura ilionekana wazi. Huyo alikuwa Metro. Tisa ya pili ilikuwa mbele ya goli, kichwa chini na miguu juu, na gongo la huyo ndilo lililokuwa limekigusa kisahani.

Timu haina tisa mbili. Ina tisa moja na sita moja. Na sita akisimama kwa kichwa, ni tisa.

Namba sita wa Dolynka, mwaka 1971, alikuwa Orest Kowalyk. Huyu huyu anayetema maganda ya alizeti ndani ya kopo tupu.

"Mbona unanitazama hivyo?" Orest aliuliza.

"Sikutazami."

"Unanitazama kama ng'ombe anayemwangalia daktari."

Kabla Metro hajajibu, mlango wa pembeni ulifunguliwa kwa kishindo na baridi ikaingia pamoja na Marlene Prokopchuk, mwenyekiti wa kamati ya uwanja. Marlene hatembei. Marlene hufika.

"Wazee wangu! Leo Alhamisi! Mliniahidi namba itafunikwa maji leo!"

"Barafu haina haraka, mama," Orest alisema.

"Barafu haina haraka kwa sababu haijaalika watu mia nne! Mimi nimewaalika! Akina mama jikoni wamefunga pirohi elfu mbili, viazi ndani ya unga, tangu asubuhi, vidole vimewapinda. Baba Nettie peke yake kafunga mia tatu."

Msinicheke. Huku Baba ni bibi. Baba Nettie ni mke wa Orest, ana wajukuu saba, na wilaya nzima humwita hivyo, hata wazee waliomtangulia kuzaliwa.

Orest alimweleza Marlene kwa mara ya kumi. Rangi ikishika, maji hunyunyizwa juu yake kama ukungu. Tabaka moja, jembamba kama ganda la kitunguu. Ligande. Halafu jingine. Mara kumi na mbili. Ukimwaga kwa pupa, rangi inaogelea.

"Na rangi ikiogelea," alimaliza, "hii tisa inakuwa konokono. Unataka kumpandishia Metro konokono?"

"Nataka mmalize!"

"Tutamaliza."

Marlene aliandika kitu kwenye karatasi zake, akamtazama Metro kwa huruma. "Mzee Metro, umekuwa mweupe. Furaha, eh? Usiogope kulia Jumamosi. Nimeweka dakika tatu za kulia kwenye ratiba."

Akaondoka.

"Dakika tatu," Orest alisema. "Mimi ningemaliza kwa moja. Nipe lile kopo la pili la rangi, kule ng'ambo."

Kopo lilikuwa upande wa pili wa uwanja, penye viti vya wageni. Metro alilifuata. Akainama, akalishika, akageuka.

Akaganda hapo hapo.

Kutoka upande huo haikuwa tisa. Ilikuwa sita. Sita kubwa, nyekundu, imetulia katikati ya barafu nyeupe kama iliyopakwa makusudi.

"Umeona mzimu?" Orest aliuliza.

"Njoo usimame hapa."

"Goti langu..."

"Orest. Njoo."

Orest alikuja akinung'unika. Alisimama, akatazama, na kicheko kikamtoka mpaka mbegu zikampalia.

"Sita! Ndiyo! Nimeijua tangu asubuhi, nilikuwa nasubiri Marlene aigundue mwenyewe. Wageni watadhani mnaipandisha jezi yangu!"

Metro hakucheka. Alikwenda mpaka kwenye benchi, akarudi na bahasha, akamwekea Orest mkononi.

"Hotuba?"

"Fungua."

Orest alivaa miwani. Aliitazama picha muda mrefu, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Mashine ya baridi ilinguruma chini ya sakafu. Metro alianza kusema, na maneno yakamtoka kwa fujo.

"Lile bao ni lako. Sikujua, naapa kwa kaburi la mama. Nilipiga gongo kwa nguvu, nikasikia nimegonga kitu, wakaninyanyua juu, nikajua ni kisahani. Kumbe niligonga mlingoti wa goli! Bao ni la aliyegusa mwisho. Miaka arobaini na minane nimekula chakula chako, Orest. Nyumba, duka, jina, vyote."

Orest hakuondoa macho kwenye picha.

"Nilikuwa na miguu mizuri," alisema.

"Orest!"

"Tazama hilo paja."

"Unasikia ninachokwambia? Bao ni lako!"

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba ni langu. Nilikuwepo."

Metro alitafuta kitu cha kukalia, akapata ndoo.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu nikiwa nimesimama kwa kichwa."

"Na hukusema? Hukusema hata siku moja? Tumevua samaki pamoja, tumezika wazazi pamoja, nimemsimamia mwanao ubatizo, na hukusema?"

"Nilikwenda kusema," Orest alijibu. Alivua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya skafu. "Unajua desturi yetu. Wakikupa bao lisilo lako, au wakikunyima lako, unakwenda mwenyewe mezani kwa mwandika mabao. Nilisikia wanatangaza tisa. Nikainuka, nikaenda. Nikafika mezani. Na pale mezani alikuwa amekaa nani?"

"Nettie."

"Nettie. Miaka kumi na minane, kofia ya kijani. Akainua macho, akaniambia, 'Ndiyo, namba sita, unataka nini?'"

"Ukamwambiaje?"

"Meno yangu yalikuwa kwenye kikombe."

Hapa sina haja ya kueleza sana. Meno manne ya mbele yalimtoka Orest akiwa na miaka kumi na saba, kama yalivyowatoka nusu ya timu. Kabla ya mchezo kila mmoja aliyatia meno yake ya bandia ndani ya kikombe cha karatasi chenye namba yake, akakiacha kwenye rafu ya chumba cha kubadilishia nguo.

"Jaribu kusema 'sita' bila meno ya mbele," Orest alisema. "Jaribu! Nilijaribu kwanza kimoyomoyo, ndani ya kola. Ikatoka 'thitha'. Mbele ya macho yale? Nimwambie yule binti, 'Thamahani, bao ni la thitha'? Nikafunga mdomo. Nikatikisa kichwa. Nikaondoka."

Metro alimtazama mdomoni, kwenye meno ya bandia.

"Umenipa ligi kubwa kwa aibu ya meno?"

"Nilikuwa na miaka ishirini! Umri huo, aibu ya meno ni kubwa kuliko ligi kubwa."

Wakacheka. Walicheka mpaka Metro akashika ubavu uliovunjwa msimu wa nne. Kisha kicheko chake kikakatika.

"Ungekuwa wewe ndani ya lile basi," alisema.

"Pengine."

"Si pengine. Ungekuwa wewe."

"Pengine ningerudi baada ya wiki mbili nikilia. Pengine ningekuwa bora kukushinda. Hatujui, Metro. Mimi nimejaribu kufikiri miaka yote hii, hasa nikiwa juu ya trekta, na sijapata jibu. Nikaacha."

Metro aliinuka. Akaenda kwenye sanduku la vifaa, akarudi na kikwangulio chenye mpini mrefu.

"Unafanya nini?"

"Nakwangua."

"Weka chini chombo changu cha kazi!"

Lakini makali yalikuwa yameshauma barafu. Krrr! Kipande cha mkia kikaruka vumbi jekundu. Krrr! Kingine.

"Jumamosi inapanda sita!" Metro alisema.

"Haipandi!"

"Inapanda!"

"Metro, nimetumia saa mbili kwenye mkia huo!"

"Utatumia saa mbili nyingine kwenye sita!"

Wazee wawili wakashikana na mpini mmoja, huyu anavuta huku, huyu anavuta kule, buti zinateleza. Wengi wamepigana juu ya barafu hiyo kwa kudai bao. Sijawahi kusikia watu waliopigana kwa kulikataa.

"Nipe sababu!" Metro alihema. "Sababu moja ya kuikataa namba yako!"

"Nitakupa! Ikipanda sita, kila mtu atauliza, 'Huyu sita maisha yake yakawaje?' Itanibidi niseme kwamba nimeishi kwa furaha. Na hakuna mtu wa wilaya hii atakayeniamini!"

"Mnagombania nini kama majogoo?"

Sauti ilitoka mlangoni. Baba Nettie alikuwa amesimama na sufuria iliyofunikwa taulo, mvuke wa siagi na kitunguu ukimzunguka uso.

Wazee waliachia mpini kwa pamoja. Kikwangulio kilianguka. Orest alificha picha nyuma ya mgongo, jambo ambalo katika ndoa ya miaka arobaini na sita ni sawa na kuiinua juu.

"Lete," Nettie alisema.

"Si kitu, ni..."

"Orest. Lete."

Akaipokea. Akaitazama. Hakushtuka hata kidogo.

"Ahaa," alisema. "Hii miguu ningeijua popote."

"Shemeji," Metro alisema kwa upole, "umeelewa picha inasema nini?"

"Inasema bao lilifungwa na mume wangu."

"Na wewe ndiye uliyeandika tisa. Si kosa lako, refa alikutajia vibaya, aliiona namba imepinduka..."

"Niliandika sita," Nettie alisema.

Akamrudishia Orest picha.

"Niliandika sita kabla refa hajafika mezani. Sikuhitaji kuambiwa. Mchezo mzima sikuwa naangalia kisahani. Nilikuwa naangalia namba sita."

Orest alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa.

"Refa akaja, akasema tisa. Nikajua amekosea. Nilitaka kumsahihisha. Lakini yule msaka vipaji alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, kalamu mkononi, na akaniuliza, 'Binti, nani huyo aliyefunga?' Nikafikiri. Kaka yangu alichukuliwa na basi lile. Binamu zangu wawili walichukuliwa na basi lile. Hakuna aliyerudi kuishi hapa. Nilikuwa natumia penseli. Nikafuta sita, nikaandika tisa. Ndipo wewe ukaja mezani, Orest, umefunga mdomo, umekuwa mwekundu kama kiazi sukari cha supu ya borsh. Nikakuuliza unataka nini. Nilidhani umeniona nikifuta."

Aliweka sufuria juu ya ukingo wa uwanja. Mikono yake ilikuwa imara, lakini aliipangusa kwenye aproni mara mbili.

"Kwa hiyo si meno yako, mzee wangu. Ni mimi. Nilikuibia. Kama utakasirika, kasirika sasa, chakula kinapoa."

Metro alitazama barafu. Kuna mambo mtu hapaswi kuyatazama usoni mwa rafiki yake.

Orest aliinama, akaokota kikwangulio, akakiegemeza ukingoni. Halafu akasema, polepole:

"Nettie. Miaka yote umeniambia hukuniona hata mara moja kabla ya ile dansi ya mwaka mpya, ya Malanka."

"Nilikwambia hivyo."

"Nilikuzunguka miezi kumi na mmoja kabla sijathubutu kukuomba tucheze. Kumi na mmoja! Nimewasimulia wajukuu jinsi nilivyokuwinda."

"Wasimulie tu. Ni hadithi nzuri."

"Kumbe mimi ndiye niliyewindwa!"

"Ulidhani nani alikuwa akikaa kila Jumapili kanisani na kuacha nafasi tupu pembeni yake? Nafasi hiyo ilikuwa inajiacha yenyewe?"

Orest alifunua taulo. Akachukua pirohi moja kwa vidole, akaitia mdomoni nzima. Akatafuna. Wote wawili walimsubiri ameze.

"Kitunguu kimezidi," alisema.

"Hilo tu?"

"Kuhusu lile jingine nitafikiri. Ni kubwa, siwezi kulijibu nimesimama. Nitakujibu nikiwa tayari." Akachukua ya pili. "Ila mwizi anayepika hivi sijawahi kumsikia. Metro, njoo ule. Vya wizi vina ladha."

Walikula wakiwa wamesimama, vidole vikiteleza kwa siagi. Metro alitafuna moja muda mrefu.

"Bado siwezi kuipandisha tisa," alisema hatimaye. "Mtanisamehe. Mabao mia moja arobaini na sita ni yangu, nayakumbuka moja moja. Lakini Jumamosi hawanisherehekei kwa hayo. Wananisherehekea kwa lile."

Na hapo Marlene akafika.

Alifika kwa kasi yake ya kawaida, akaona sufuria, akatabasamu. Akaona kikwangulio, tabasamu likapungua. Akaona barafu.

"Mkia uko wapi?"

"Tumeukwangua," Orest alisema.

"Tisa bila mkia ni sifuri!" Marlene alipiga kelele. "Watu mia nne! Padri! Redio! Mnampandishia mtu sifuri?"

"Mama, kaa kwanza," Metro alianza. "Tisa haikuwa tisa. Ilikuwa sita."

"Haitakuwa sita," Orest alisema.

"Itakuwa!"

"Basi nani atanieleza itakuwa nini?" Marlene alilia. "Saa kumi sasa! Msipopaka leo, maji hayashiki mpaka Jumamosi! Nipeni namba! Namba yoyote!"

"Hiyo ya sasa ni sahihi," ilisema sauti ngeni.

Waligeuka. Mlangoni alisimama mzee mrefu, mwembamba, kofia ya masikio mikononi, theluji mabegani. Metro alimkodolea macho. Zile nyusi. Amewahi kufukuzwa uwanjani na nyusi zile.

"Clarence Dubyk," alisema. "Refa wa fainali!"

"Nimealikwa Jumamosi," mzee alisema. "Lakini nimekuja leo, rangi ikiwa mbichi. Nina miaka sabini na tisa, na daktari ameanza kuniongelesha kwa sauti ya chini. Kuna jambo nataka kulitua."

"Tunalijua, mzee," Metro alimwambia. "Uliona namba imepinduka. Umesamehewa."

"Namba gani?"

Orest na Metro walitazamana.

"Sijui habari za namba," Dubyk alisema. "Mimi nazungumza habari za kipyenga. Kipa wa Rosvale alikuwa amekilalia kile kisahani. Nilikiona chini ya mkono wake, kimetulia. Nikapuliza kusimamisha mchezo. Bao lilifungwa baada ya hapo."

"Hukupuliza!" Orest alisema. "Hakuna aliyesikia!"

"Hakuna aliyeweza kusikia. Nilipuliza mpaka mashavu yakauma. Mnakumbuka baridi ya siku ile, kwenye lile jengo la zamani la mbao? Kile kigololi cha ndani ya kipyenga kilikuwa kimeganda. Upepo ukatoka, sauti haikutoka. Nikatoa kipyenga mdomoni kukitikisa, kisahani kikaingia, watu elfu moja wakaruka. Nilikuwa kijana. Nikafikiri, nitawaambiaje watu elfu moja kwamba kipyenga changu kimeganda?"

Marlene alikaa chini, juu ya barafu, na karatasi zake.

"Kwa hiyo bao..." Metro alisema.

"Hapakuwa na bao."

"Na ubingwa?"

"Mchezo ulikuwa sare. Zilibaki sekunde kumi na moja. Ninazo kwenye daftari langu." Dubyk alikohoa, akazungusha kofia mikononi. "Lakini kuna zaidi. Waliodhulumiwa ni Rosvale, kwa hiyo nimeona ni haki nianze kwao. Nimetoka huko sasa hivi. Nimewaeleza."

"Umewaeleza Rosvale?" Marlene alinong'ona. "Wote?"

"Walikuwa wamekaa kwenye mkahawa wao, timu nzima ya mwaka ule, waliosalia. Nilidhani watanipiga. Walinibeba juu. Wanakuja Jumamosi, na basi lao. Hawataki kikombe, hawataki kuombwa radhi. Wanataka sekunde zao kumi na moja."

"Zichezwe?" Metro alisema. "Na wazee?"

"Na wale wale. Dhidi ya nyinyi wale wale. Kipa wao ana miaka sabini na mmoja. Nilimwacha akijifunga magodoro ya miguuni, jikoni kwake, mkewe akilia."

Orest alitazama barafu yake: unene wa vidole viwili, nzuri kwa kutazamwa na padri, haitoshi kubeba wanaume kumi wanaokimbizana. Ingehitaji maji mengi zaidi ya matabaka kumi na mawili, na ilikuwa Alhamisi, saa kumi na robo. Akachukua kifuniko cha kopo la rangi, akakigongagonga kwa kisigino cha buti mpaka kikabana. Sifuri ikabaki katikati ya uwanja, nyekundu, haijanyunyizwa hata tone.

"Kesho saa mbili asubuhi," alisema. "Tutamwaga maji kwa bomba kubwa."

"Orest," Metro aliuliza, "sisi wa mwaka ule tumebaki wangapi? Wanaoweza kusimama?"

Orest alivua glavu ya mkono wa kushoto, akaanza kuhesabu kwa vidole. Vidole vya mkono huo mmoja vikabaki.